Ukungu Ukitanda: Mwongozo Kamili wa Milio ya Tahadhari Baharini na Relini

Julai, saa kumi na mbili asubuhi, stesheni ya Kikuyu. Ukungu umelala juu ya mataruma na abiria wa kwenda mjini wamejikunyata ndani ya makoti. Honi ya treni inalia. Sote tunageuza vichwa, wengine kuelekea Limuru, wengine kuelekea Dagoretti, na kila mmoja ana hakika na upande wake. Treni inatokeza kutoka Limuru, taa yake ikiwa doa la manjano lisilo na kingo. Nusu yetu tulikuwa tumekosea, na honi sote tuliisikia.

Kwenye ukungu sikio hukuambia kuna kitu. Halikuambii kiko wapi. Ukilishika hilo, kanuni zote za milio ya tahadhari, za meli na za treni, zitakuingia akilini bila shida. Usipolishika, unaweza kukariri milio yote na bado ukagonga.

Nalisema kwa sababu nimeliona. Kijana wa jirani yangu hapa Kibra anajiandaa kwenda Mombasa kusomea ubaharia. Alinijia na milio yote kichwani, ameikariri kama mtoto wa chuo anavyokariri juzuu. Nilifanya kazi za sitaha miaka kadhaa kabla ya kurudi Nairobi, kwa hiyo nikamwuliza: "Uko kwenye usukani, huoni mbele. Unasikia mlio mrefu mmoja mbele yako, kidogo upande wa kulia. Utafanya nini?" Akajibu papo hapo: "Nitapinda kushoto, mzee, nimpishe." Jibu hilo limewahi kuzamisha meli kubwa, na tutafika hapo.

Mwongozo huu nimeuandikia yeye na wenzake. Nimemfikiria pia mwenye mashua ndogo Kisumu au Naivasha, na yeyote anayevuka reli kwa miguu kati ya Laini Saba na Limuru, ambako kijibaridi cha Juni hadi Agosti huleta ukungu asubuhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru imepita mita 2,200. Hewa yenye unyevu ikipanda huko hupoa, na matone madogo hubaki yananing'inia hewani.

Kwanza, pima ukungu wenyewe

Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale macho yanaposhindwa kuona kitu kilicho umbali wa mita 1,000. Sheria ya bahari haina kipimo hicho. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, huzungumzia uonaji hafifu uliosababishwa na ukungu, theluji, mvua kubwa, dhoruba ya mchanga au jambo lolote la aina hiyo. Kwa hiyo mvua ya masika ikimwagika Kilindini hadi usiione ng'ambo ya Likoni, kanuni za ukungu zimekwisha kuanza kukuhusu, ingawa hakuna ukungu. Vijana wengi hukosea hapo.

Relini kipimo kinahitajika, kwa kuwa lazima mtu aamue lini watu watoke na fataki, vile vikopo vya baruti vinavyowekwa juu ya reli ili vilipuke treni ikivikanyaga. Nchini India kila stesheni inayopatwa na ukungu huwa na kitu kilichochaguliwa, mita 180 kutoka katikati ya stesheni. Msimamizi asipokiona, hana haja ya kubishana na nafsi yake. Anawatuma watu wa ukungu kazini.

Na wewe jiwekee chako. Siku ya jua, hesabu hatua 240 kutoka unapovukia reli kila siku. Kama hatua yako ni sentimita 75, hizo ni mita 180. Tazama kilichopo pale: nguzo ya umeme, mgomba, kibanda cha bati. Asubuhi ukikitafuta usikione, jua kwamba treni ya kilomita 60 kwa saa itaumaliza umbali huo kwa sekunde 11 hivi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anazihitaji sekunde hizo zote, na pengine zaidi.

Vifaa: honi, kengele, upatu

Chombo chenye urefu wa mita 12 au zaidi lazima kiwe na honi. Kikifika mita 20, honi na kengele. Kikifika mita 100, huongezwa upatu, yaani bamba la chuma la kugongwa, ambao sauti yake haipaswi kufanana na ya kengele. Chini ya mita 12 hulazimiki kuwa na honi ya kiwango hicho, lakini lazima uwe na kitu chochote cha kutoa mlio wa maana.

Honi za meli hazifanani, na tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Meli ya mita 200 au zaidi hupewa honi nzito ya mitetemo 70 hadi 200 kwa sekunde; ya mita 75 hadi 200 hupewa mitetemo 130 hadi 350; iliyo chini ya mita 75 hupata 250 hadi 700. Kwa lugha ya kawaida: sauti ikikutikisa kifua, anayekuja ni mkubwa na hawezi kusimama upesi. Ikiwa nyembamba, ni mdogo. Hilo unalijua kabla hujaona kitu.

Milio yenyewe

Mlio mfupi ni wa sekunde moja hivi. Mlio mrefu ni wa sekunde nne hadi sita. Hesabu kwa saa, kwa sababu mtu mwenye hofu huhesabu haraka na mlio wake mrefu hugeuka mfupi. Mrefu nauandika TUUU, mfupi TU.

- Meli ya injini inayosonga mbele: TUUU moja, na zisipite dakika mbili kabla ya kuirudia.
- Meli ya injini iliyosimamisha mwendo lakini haijatia nanga: TUUU, TUUU, zikitenganishwa na sekunde mbili hivi. Nayo hairuhusiwi kupitisha dakika mbili.
- Chombo kisichoweza kukupisha kirahisi: TUUU, TU, TU, kila baada ya muda usiozidi dakika mbili. Kundi hili lina chombo cha tanga, cha kuvua, kinachovuta kingine, kilichoharibikiwa, kilichobanwa na kazi yake, au kilichobanwa na kina cha maji.
- Chombo cha mwisho kinachovutwa, kama kina watu: TUUU, TU, TU, TU, ikiwezekana mara tu baada ya mlio wa anayekivuta.
- Kilichotia nanga: kengele ipigwe harakaharaka kwa sekunde tano, kila baada ya muda usiozidi dakika moja. Kama ni cha mita 100 au zaidi, kengele hupigwa omo, yaani mbele ya chombo, kisha mara moja upatu hupigwa tezi, yaani nyuma, kwa sekunde tano.
- Kilichopwelewa, yaani kilichokwama chini: mapigo matatu ya kengele yaliyotengana, kisha mpigo wa haraka kama wa nanga, kisha matatu tena.

Chombo cha rubani, yule anayeongoza meli kuingia na kutoka bandarini, kikiwa kazini kinaweza kuongeza TU nne ili kijitambulishe. Aliyetia nanga akihisi mtu anamjia, anaruhusiwa kuongeza TU, TUUU, TU.

Uangalie vizuri mpango wa kengele na upatu. Kwa nini sauti mbili? Meli ya mita 250 iliyotia nanga ni kama ukuta. Mtu akisikia kengele peke yake atadhani akiikwepa amepona, kumbe tumbo lote la meli limelala mbele yake. Sauti moja omo na nyingine tezi humwonyesha mwanzo na mwisho wa ukuta huo. Sijui kanuni nyingine ya bahari iliyofikiriwa kwa upole kiasi hicho.

Kosa la kukariri linalonitisha kuliko yote ni la milio mifupi ya kugeuka. TU moja maana yake "nageuza kulia" na TU mbili "nageuza kushoto", lakini milio hiyo ni ya vyombo vinavyoonana kwa macho. Hata TU tano za kumwuliza mwenzako anafanya nini ni za wanaoonana. Ukiipiga TU moja ndani ya ukungu, hakuna atakayejua ni nani aliyesema wala anasema na nani.

Piga, nyamaza, sikiliza

Wanaofundisha kupiga ni wengi. Kunyamaza hufundishwa kidogo sana, na ndiyo nusu ya pili ya kazi. Kanuni zenyewe huagiza ulinzi wa macho na masikio, wakati wote.

Fanya hivi. Mweke mtu omo kabisa, mbali na kelele za injini. Ukiwa na watu wa kutosha, mweke mwingine tezi. Zima redio na muziki. Piga mlio, kisha kwa dakika nzima mtu yeyote asiseme neno. Mlinzi ageuze kichwa polepole kushoto na kulia, mdomo ukiwa wazi kidogo, kwa kuwa meno yaliyoumana na pumzi nzito hupunguza usikivu. Akisikia kitu aonyeshe kwa mkono kwanza, aseme baadaye.

Usiulinganishe muda wako na wa mwenzako. Honi za kujiendesha zikiwekwa sawasawa katika meli mbili, zinaweza kulia pamoja kila mara, na kila meli isisikie ila mlio wake. Punguza muda: badala ya dakika mbili, piga baada ya moja na nusu, kisha baada ya moja na robo. Sheria inakataa kuzidisha tu.

Wala usipime umbali kwa ukubwa wa sauti. Mwaka 1873 mwanasayansi John Tyndall alifanya majaribio marefu ya honi na mizinga huko South Foreland, kusini mwa Uingereza. Alikuta kwamba siku yenye ukungu sauti inaweza kufika mbali sana, na siku angavu ikapotea karibu kabisa. Sauti hupindwa na joto la hewa na upepo. Inaweza kuruka juu yako ikaenda kusikika mbele zaidi. Kwa hiyo mlio hafifu hauna maana kwamba chombo kiko mbali.

Usiku mmoja tulikuwa tumetia nanga nje ya bandari moja ya kaskazini mwa Ulaya. Zamu yangu ilikuwa omo, na kengele. Kamba yake ilikuwa imelowa na baridi ilipenya glavu, na kila dakika sekunde tano za mkono kwenda na kurudi hadi kiwiko kikawa si changu. Baada ya kengele, upatu ulijibu kutoka tezi, mbali, kama sinia lililoanguka jikoni kwa jirani. Kisha nikasikia mlio mzito, TUUU, ulioingia zaidi kupitia miguuni kuliko masikioni. Ofisa akaniuliza kwa redio: "Upande gani?" Nikaonyesha kushoto, nikasema kushoto, na ningeapa. Tukapiga TU, TUUU, TU. Dakika chache baadaye taa zilipita upande wa kulia, karibu kiasi cha kusikia maji yakipasuka kwenye omo yake. Alikuwa amepunguza mwendo hadi kutambaa, na hilo lilituokoa. Mkono wangu ulionyesha upande usio wake.

Ukisikia mlio mbele yako

Fuata mpangilio huu.

Hata kabla ya mlio: mwendo wa usalama, injini tayari kubadilishwa mara moja, taa za chombo ziwashwe hata kama ni mchana.

Mlio ukisikika mbele, kwa maana ya popote kati ya ubavu mmoja na mwingine kupitia omo, na hujahakikisha kwamba hakuna hatari ya kugongana: punguza mwendo hadi ule mdogo kabisa unaokuwezesha kushika njia. Ikibidi, simamisha chombo kabisa. Songa kwa uangalifu mkubwa hadi hatari iishe.

Kugeuza ni jambo la baadaye, na liwe limesimama juu ya kitu unachokijua, kama rada iliyofuatiliwa kwa makini. Kama rada inakuonyesha chombo mbele yako ambacho si wewe unayekipita, epuka kugeuza kushoto. Kama kiko ubavuni au nyuma ya ubavu, epuka kugeuza kuelekea kilipo. Bila rada huna unachokijua, umesikia tu. Basi punguza.

Tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, meli ya abiria Andrea Doria ya Italia ilikuwa ndani ya ukungu ikienda karibu maili 22 za bahari kwa saa. Mbele yake ilikuja Stockholm ya Uswidi. Zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilimwona mwenzake kwenye kioo muda mrefu kabla ya kuonana kwa macho. Stockholm iligeuza kulia. Andrea Doria iligeuza kushoto. Omo ya Stockholm ilimwingia mwenzake ubavuni na watu 51 wakafa. Asubuhi iliyofuata Andrea Doria ikazama.

Nilipomsimulia kijana wangu, alikaa kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo mzee, kama yeye angepunguza tu?" Hilo ndilo swali nililotaka aulize.

Mashua ndogo

Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo, lakini akili yake inafaa Kisumu na Naivasha vilevile. Chini ya mita 12, piga chochote chenye sauti kali kila baada ya muda usiozidi dakika mbili. Kipenga cha plastiki ni bora kuliko cha chuma, maana chuma chenye baridi huumiza midomo. Sufuria na mwiko wa chuma vinafanya kazi. Vaa jaketi la kuokoa maisha kabla ya ukungu kufunga kabisa. Mashua ya mbao au faiba haionekani vizuri kwenye rada, kwa hiyo inua juu kitu cha chuma, na kama unaweza nunua kiakisi cha rada. Kisha toka kwenye njia ya meli, nenda maji ya kina kifupi ambako mkubwa hawezi kuja, utie nanga na uendelee kupiga. Kusubiri saa mbili si aibu kwa mvuvi yeyote.

Relini: mlio unaomngoja dereva

Meli hupiga na kumngoja mwenzake asikie. Treni haiwezi kukwepa, na dereva aliye ndani ya kelele za injini hasikii kipenga cha mtu aliye kando ya reli. Kwa hiyo watu wa reli waliugeuza mpango: mlio ukawekwa juu ya reli, na treni yenyewe ikaulipua.

Mwaka 1841 Mwingereza Edward Alfred Cowper alibuni fataki ya reli. Ni kikopo bapa cha bati, kipana kama mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, kimejazwa baruti na kina mikanda miwili laini ya madini ya risasi. Mikanda hukunjwa kushika kichwa cha reli kutoka pande zote mbili. Gurudumu likikikanyaga, kishindo hupanda moja kwa moja hadi kwa dereva. Hawezi kusema hakusikia.

Zamani Uingereza palikuwa na mtu wa ukungu kwenye kila ishara muhimu. Alikaa kwenye kibanda kidogo chenye moto wa makaa, taa mkononi, akitazama mkono wa ishara, ule ubao unaoinuka na kushuka kwenye nguzo, uliokuwa juu yake ndani ya ukungu. Mkono ukisema tahadhari, fataki ilibaki juu ya reli na taa ilionyesha manjano. Mkono ukisema njia ni wazi, aliinama akaitoa fataki na kuonyesha kijani. Treni ikipita, aliirudisha. Usiku kucha. Mtu huyo alikuwa macho ya dereva, na akisinzia dakika mbili mamia ya watu walipita bila macho.

Namna ya kuziweka hutofautiana kwa nchi, na mfanyakazi afuate kitabu cha reli yake tu. Mifano miwili itakuonyesha mantiki yake. India, kwa ukungu, huweka fataki mbili zilizoachana mita 10, umbali wa mita 270 kabla ya ishara ya kusimama iliyo ya kwanza. Uingereza, kwa kizuizi cha ghafla njiani, kwa miaka mingi imeweka tatu zilizoachana mita 20, umbali wa kilomita 2. Umbali huo unatokana na breki: treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Na kwa nini zaidi ya moja? Moja inaweza kuwa imelowa. Zikilia mbili au tatu mfululizo, hakuna dereva atakayedhani ni jiwe.

Baadaye ishara ikaingizwa ndani ya kibanda cha dereva. Reli ya Great Western ya Uingereza ilianza mwaka 1906 na mfumo uliolia kengele kwa njia iliyo wazi na king'ora kwa tahadhari. Dereva asipojibu king'ora, breki hujishika. Somo hilo lilichelewa kwingine. Tarehe 4 Desemba 1957, Lewisham, London, dereva wa treni ya mvuke alizipita ishara mbili za manjano ndani ya ukungu mzito bila kuziona. Injini yake ilikuwa na tumbo refu, kiti chake kiko kushoto na ishara ziko kulia. Alipoambiwa kuna nyekundu, nafasi ya kusimama ilikuwa imekwisha. Aliigonga treni iliyokuwa imesimama, daraja lililokuwa juu likaporomoka, na watu 90 wakafa.

Ukikuta kikopo cha bati kimefungwa juu ya reli, usikiguse, usikipige jiwe, na usimwachie mtoto akaribie. Vipande vyake hukata kama risasi. Ondoka na uwaarifu watu wa stesheni.

Wewe unayevuka reli

Asubuhi ya ukungu toa spika za masikioni na ushushe kofia ya koti. Simama hatua kumi kabla ya reli, si juu yake. Zuia pumzi uhesabu hadi kumi. Ukisikia honi, kumbuka jukwaa la Kikuyu: usibashiri upande, baki ulipo. Treni ikipita, subiri tena uhesabu upya, kwa sababu penye njia mbili kelele ya inayoondoka hufunika ile inayokuja.

Gari au bodaboda ikizimika kwenye kivuko, watu watoke kwanza, mali baadaye. Wote waende mbali na reli, wakielekea upande treni inakotokea lakini kwa mshazari kando ya njia, maana vipande vya gari husukumwa mbele ya treni. Mmoja mwenye mbio akimbie kando ya reli, nje ya mataruma, kuelekea treni, mbali kadiri awezavyo. Apunge kwa nguvu kitambaa chekundu. Kama hana, ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, au apunge taa ya simu kwa nguvu; katika reli zilizofuata desturi ya Uingereza, taa yoyote inayopungwa kwa nguvu ni amri ya kusimama. Mwingine apige 999 au 112, aitaje stesheni iliyo karibu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mpiga mbiu lazima aende mbele kumkuta anayekuja. Ukipunga ukiwa kwenye gari lenyewe, umechelewa.

Zoezi la Jumamosi

Hili nililifanya na kijana wangu na wenzake watano kwenye uwanja wa shule, na naliomba kila mwalimu alifanye. Mmoja anafungwa macho kwa leso na kusimama katikati. Wengine wanamzunguka umbali wa hatua hamsini, kila mmoja na kipenga, na mwingine anaashiria kwa mkono nani apige. Aliyefungwa anaonyesha kwa kidole sauti ilikotoka. Fanyeni mara ishirini mkiandika majibu. Kisha rudieni, safari hii pikipiki ikiwa imewashwa kando yake.

Kijana wangu raundi ya kwanza alikosa chache. Pikipiki ilipowashwa alianza kuonyesha nyuma kilichokuwa mbele. Raundi ya tatu nilimwambia asionyeshe upande wowote, aseme tu angefanya nini. Kipenga kikalia, mrefu, sekunde tano kamili. Akainua kiganja, akasema: "Simamisha injini. Nyamazeni nyote." Na uwanja mzima ukanyamaza.